Nani Aliupanda Wembe?

Kinyozi alikuwa na wateja wa aina mbili: waliokwisha kusikia jinsi alivyoupanda Wembe, na wale ambao vichwa vyao vilikuwa bado havijafika kwenye kiti chake. Ukishafungwa kile kitambaa shingoni na mashine ikaanza kunguruma sikioni, huna pa kukimbilia. Atakunyoa upande mmoja vizuri kabisa. Halafu atasimama, atainua mashine juu kama anayeonyesha njia ya kwenda mbinguni, na kusema, "Sasa hapo, ndugu yangu, chini mawe, juu anga, mimi katikati na ncha za vidole." Upande wa pili wa kichwa utasubiri mpaka afike kileleni. Wapo waliochelewa harusi zao wenyewe.

Wembe ni njia ya kupandia jabali. Nyuma ya mtaa wa magereji kuna machimbo ya zamani ya mawe ya kujengea, na ndani yake limebaki jabali moja limesimama wima kama ghorofa lililosahauliwa madirisha. Kila Jumapili asubuhi klabu ya kupanda miamba hukusanyika pale na kamba zao, kofia zao ngumu na vile viatu vinavyobana vidole mpaka mtu anakumbuka dhambi zake. Kila njia ina jina. Ipo Ngazi ya Bibi, ambayo bibi yeyote akishapata chai yake anafika juu. Lipo Kabati, ufa ambao ukiingia hutoki bila kuacha ngozi ya viwiko. Na upo Wembe, ukingo mwembamba wa jiwe unaoanza kwa upole, unakubembeleza mpaka katikati, halafu unakukabidhi kwa Kipara. Kipara ni bapa la jiwe lililovimba na kung'aa, halina pa kushika wala pa kukanyaga, na ndipo wanaume wazima hugundua kwamba wana shughuli nyingine nyumbani.

Sheria ya pale ni moja na kila mtu anaijua. Anayepanda njia mara ya kwanza, toka chini mpaka juu, ndiye anayeipa jina. Na aliyemshikia kamba ndiye shahidi. Shahidi akisema amefika, basi amefika, mjadala umefungwa.

Kinyozi aliupanda Wembe zamani, klabu ikiwa haijazaliwa na yeye mwenyewe akiwa bado na kiuno. Shahidi wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mwenye bucha inayotazamana na duka la Kinyozi, barabara ikiwa katikati. Huyu shemeji ni mtu wa mabega. Akibeba paja la ng'ombe kutoka kwenye gari unaona kama paja ndilo linalomshikilia. Hakuwahi kujiunga na klabu, alisema magoti yake hayapendi mambo ya juu. Lakini kila aliyemuuliza, "Ni kweli shemeji yako alifika?" alimjibu bila kupepesa, "Alifika. Mimi nilikuwepo."

Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeuweza. Walijaribu wote. Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Waya, binti fundi umeme, mwembamba, mwepesi, ambaye angeweza kupanda nguzo huku anapiga mswaki. Njia zote za jabali lile alizimaliza kasoro Wembe tu. Kila Jumapili alifika Kipara, na kila Jumapili Kipara kilimrudisha akining'inia kwenye kamba, huku Kinyozi yuko chini na chupa ya maji, anamwaga ushauri.

"Binti, tatizo lako unalazimisha. Wembe haulazimishwi. Mimi siku ile nilifika hapo, nikatulia, nikasikia mwili unakuwa mwepesi."

"Mwepesi vipi, anko?"

"Mwepesi tu. Kama unyoya. Nikapaa."

"Sasa panda nione."

"Nimeshaupanda. Niupande tena umenikosea nini?"

Na wewe jibu hilo kama unaweza.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya ubao. Mwenyekiti wa klabu, mama anayefundisha udereva, alipata wazo kwamba pale machimboni uwekwe ubao mkubwa wa historia: jina la kila njia, aliyeipanda kwanza, aliyeshika kamba, na maelezo mafupi ya ilivyokuwa. Mwenyekiti huyu anaongea na kila mtu kana kwamba mtu huyo ameshika usukani kwa mara ya kwanza. Siku moja mchana aliingia kwa Kinyozi na kalamu sikioni, akakuta Waya yuko kitini anapunguzwa nywele, akasema vizuri sana, wote mpo, niitieni na yule wa bucha.

Mwenye bucha alivuka barabara na aproni yake, akakaa kwenye benchi la wateja, benchi likalia.

"Tuanze na Wembe," alisema Mwenyekiti. "Ndiyo njia yenye heshima kubwa. Shahidi, tueleze. Polepole, gia ya kwanza."

Kinyozi alizima mashine kwa heshima ya tukio. Kichwa cha Waya kilikuwa kimenyolewa upande wa kulia tu.

Mwenye bucha alikohoa. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba aeleze. Waliuliza tu kama alifika.

"Tulikuwa wawili peke yetu," alianza. "Kamba tuliazima. Tukazunguka kwa nyuma, tukaipitisha kwenye ile pete ya chuma waliyoiacha wachimba mawe kule juu, tukashuka. Upande mmoja kafungwa shemeji, upande mwingine ninao mimi. Akaanza kupanda. Vizuri tu! Akafika pale Kipara, akakwama."

"Nikatulia," alirekebisha Kinyozi.

"Akatulia. Miguu inatetemeka kama cherehani. Akaniita, 'Shemeji, kaza kamba!' Nikakaza."

"Sawasawa," alisema Mwenyekiti huku anaandika. "Mshika kamba anakaza. Endelea mbele."

"Nikakaza, akasogea. Nikakaza tena, akasogea tena. Nikasema kumbe hivi! Nikageuka, nikaiweka kamba begani, kama hivi ninavyobeba nyama, nikaanza kutembea kuelekea barabarani."

Kalamu ya Mwenyekiti ilifunga breki. "Kutembea?"

"Kuelekea barabarani. Kila nikipiga hatua, shemeji anapanda. Nikatembea mpaka nikamsikia anashangilia kule juu. Nikajua tayari."

Hata feni ilionekana kupunguza mwendo ili isikie.

"Wewe," alisema Mwenyekiti, "ulimvuta."

"Ndiyo. Kwani kamba ni ya nini?"

"Ni ya kumdaka akianguka!"

"Yaani nimsubiri aanguke kwanza?" Mwenye bucha alishangaa kweli kweli, uso mzima. "Huyu ndugu wa mke wangu! Nikirudi nyumbani niseme nilikuwepo, nilikuwa na kamba, nikaona nimwache kidogo?"

Waya alisimama na kitambaa shingoni kama shujaa wa upande mmoja. "Mwili mwepesi!" alipiga kelele. "Anko! Mwili mwepesi! Mimi nimelala njaa ili niwe mwepesi! Nimeacha chapati! Kila Jumapili najiambia, kama mzee mwenye kitambi aliweza, mimi nina kasoro gani?"

"Kitambi kimekuja baadaye," alisema Kinyozi.

Kusema kweli, kati ya wote waliokuwemo mle ndani, aliyepigwa na butwaa zaidi alikuwa yeye. Hakuwahi kudanganya. Aliikumbuka siku ile kama jana: alivyokuwa ametazama jiwe, ukanda wa kamba ukambana kiunoni, na ghafla nguvu zikamjia kutoka sehemu asiyoijua. Alidhani ni ujasiri. Kumbe ujasiri wenyewe ulikuwa unatembea kuelekea barabarani na kamba begani.

"Ndugu zangu," alisema Mwenyekiti, "sheria ni sheria. Ubao unaandikwa Jumapili palepale machimboni. Kuvutwa si kupanda. Jina la Kinyozi siwezi kuliweka."

Hapo Kinyozi aliangalia duka lake. Kiti kinachoshuka chenyewe katikati ya kazi. Kioo chenye ufa. Makopo ya poda. Ondoa Wembe humo ndani, kinabaki nini? Mtu anayekata nywele, na nywele hazina shukrani, wiki mbili zimeota tena.

"Basi Jumapili nitaupanda," alisema. "Bila kuvutwa. Kamba ilegee kabisa."

Mdomo ulikuwa umetoa ahadi hiyo bila kushauriana na tumbo.

"Anko," alisema Waya, akikaa tena kitini, "malizia kichwa kwanza."

Wiki hiyo Kinyozi alifanya mazoezi. Alining'inia kwenye fremu ya mlango wa chumbani, na fremu ikamfuata chini pamoja na kipande cha plasta. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwangalia pale sakafuni.

"Baba watoto, mlango umekukosea nini?"

"Najiandaa. Nisipofika juu Jumapili, nitachekwa mji mzima."

"Unachekwa sasa hivi. Jirani kaniuliza kama na mimi ulinioa kwa kuvutwa." Alimpa mkono, akamwinua. "Sikiliza. Mimi uliponioa, Wembe ulikuwa umeshaupanda?"

"Bado."

"Basi mimi sidai kitu. Wenye madai ni wengine. Na huo mlango utaurudisha leo."

Jumapili mtaa wa magereji ulibaki na mbwa tu. Watu wote walikuwa machimboni. Wateja wa Kinyozi walikuja kwa wingi, maana kisa walichokisikia nusu kichwa kwa miaka, leo wangekiona kizima. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye jiwe, umepakwa rangi nyeupe, na Mwenyekiti alishaandika njia zote isipokuwa moja.

Swali la kwanza lilikuwa nani atashika kamba. Waya alijitolea. Wengine walijitolea. Kinyozi alikataa wote.

"Atashika shemeji," alisema. "Aliyeniharibia ndiye atakayenitengenezea."

Watu waliguna. Mwenyekiti alimvuta mwenye bucha pembeni, akampa somo zima. "Mikono hapa. Kile chombo cha chuma kiunoni ndicho breki, usikiachie. Kamba ilegee, ifanye tumbo. Akipanda, unakusanya taratibu inayobaki, basi. Huvuti, hugeuki, hutembei. Barabara haipo leo. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Akianguka?"

"Unamdaka."

"Akikaribia kuanguka?"

"Unasubiri."

"Ni roho mbaya, huu mchezo wenu," alisema mwenye bucha.

Ili mambo yasiharibike, Waya alisimamishwa kando yake kumlinda mikono. Angalia mikono tu, aliambiwa. Usiangalie juu.

Kinyozi alipaka chaki mikononi isiteleze, kwa mazoea akapuliza kama anavyopuliza nywele shingoni mwa mteja, akaanza. Sehemu ya chini ilikwenda vizuri. Ukingo wa Wembe ulimpa vishikio alivyovikumbuka, hapa kama pembe ya meza, hapa kama sikio la kikombe. Kitambi kilimsukuma nyuma kidogo, naye akakisukuma mbele, wakaelewana. Chini watu walianza kupiga makofi.

Kisha akafika Kipara.

Alikitazama. Kilimtazama. Alikuwa amenyoa vipara vingi maishani, lakini hakuna hata kimoja kilichomdharau kiasi hiki. Miguu ilianza kutetemeka. Huko chini mwenye bucha alitokwa na jasho kuliko anayepanda.

"Shemeji!" aliita kwa kunong'ona ambako kulisikika mpaka gereji ya mwisho. "Nivute kidogo?"

"Usivute!"

"Kidogo tu! Hawataona!"

"Tunaona!" umati uliitikia.

Kinyozi alipapasa. Miaka yote ile alikuwa akisimulia habari za jiwe hili, na leo ndiyo alikuwa anakutana nalo. Kidole kikapata mkunjo mdogo, mwembamba kama kovu la ndui. Akaubana. Akauinua mguu wa kulia, akauegemeza penye mkwaruzo mdogo usiozidi unyayo wa paka, akasimama juu yake. Na hakuanguka. Akapata mkunjo mwingine. Umati ukasogea mbele, kwa sababu sasa ilikuwa kweli.

"Mguu wa kushoto, anko!" Ilikuwa sauti ya Waya. "Uko juu ya goti! Papo hapo! Kanyaga!"

Alikanyaga. Akapanda hatua ambayo hakuna aliyewahi kuipanda kwa nguvu zake, si Waya, si yeye. Ukingo wa juu ulikuwa pale, umbali wa mkono mmoja tu, umenyooka kama ubao wa dirisha. Alinyoosha mkono. Ncha za vidole zikaugusa, zikateleza, zikaugusa tena. Pumzi zikamwishia. Mguu wa cherehani ukarudi kazini.

Na hapo akasikia mwili unakuwa mwepesi.

Mwepesi kama unyoya. Ukanda ulimbana kiunoni kwa upole, kama mtu anayekusaidia kuvaa koti. Kinyozi aliutambua wepesi ule mara moja, na aligeuza jicho chini. Mwenye bucha alikuwa amefumba macho, uso umekunjamana kwa huruma, bega limekwisha geuka nusu. Na Waya, mlinzi wa mikono, alikuwa ametazama juu na ngumi zake hewani, anashangilia. Mwenyekiti anatazama juu. Mji mzima unatazama juu. Hakuna aliyeona ila yeye. Hatua moja ya shemeji, na ukingo ungekuwa mkononi, na jina kwenye ubao.

Aliwaza kesho. Mteja yuko kitini, kitambaa shingoni, mashine imeinuliwa juu, na hadithi inafika kwenye yale maneno, "Nikasikia mwili mwepesi." Alijua mdomo wake ungekwama papo hapo, na upande wa pili wa kichwa ungebaki bila kunyolewa maisha yote.

"Legeza!" alipiga kelele.

"Nini?"

"Legeza, shemeji! Unanivuta!"

Mwenye bucha alifumbua macho, akaona bega lake mwenyewe, akashtuka kama aliyekutwa na mkono kwenye chungu, akalegeza. Wepesi ukatoka. Kilo zote za Kinyozi zikarudi kwa pamoja, kila moja na mizigo yake. Vidole vikasema samahani. Kinyozi akaanguka.

Alidakwa. Sifa lazima itolewe: alidakwa vizuri sana. Akabaki akining'inia na kuzunguka taratibu kama bidhaa ya shemeji yake dirishani, anawaonyesha watu mbele, ubavu, nyuma, na mbele tena.

"Sasa nimshushe," mwenye bucha aliuliza kwa adabu, "au hilo nalo ni kosa?"

Alipofika chini hakuna aliyejua acheke au apige makofi, kwa hiyo walifanya yote mawili. Mkewe alimpa maji, akamfuta chaki usoni kwa ncha ya kanga. Kinyozi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ubao.

"Andika haujapandwa," alimwambia Mwenyekiti. "Jina langu usiliweke."

"Kweli?"

"Andika kabla sijabadilisha mawazo."

Waya alikuwa amekaa chini na uso wa mtu aliyefutiwa kesi. "Kwa hiyo haujapandwa na mtu yeyote," alisema polepole. "Kwa hiyo sikushindwa na anko. Nilishindwa na jiwe, kama watu wengine." Akaanza kucheka. "Leo nakula chapati."

Lakini Mwenyekiti alikuwa bado ameshika brashi. "Huu ni ubao wa historia," alisema. "Siwezi kuacha pengo kana kwamba hamkuja. Mlikuja. Kuna jambo lilifanyika hapa. Naandika lilivyofanyika." Akachovya brashi, akaandika kwa herufi kubwa: WEMBE. HAUJAPANDWA. WA KWANZA KUVUTWA HADI JUU: KINYOZI.

Watu walilipuka kwa vicheko. Kinyozi aliusoma mara ya kwanza akachukia. Akausoma mara ya pili, akainamisha kichwa upande mmoja. Mara ya tatu alikuwa anakuna kidevu. Sifa ya kupanda ingeweza kuchukuliwa na yeyote Jumapili yoyote. Lakini wa kwanza kuvutwa, huyo amekwisha patikana. Hata Waya akipaa na mbawa, hawezi kumpokonya hiyo.

"Siyo mbaya," alisema.

"Ni mbaya sana," alisema mwenye bucha nyuma yake. "Mimi niko wapi?"

"Wewe ulishika kamba. Unaandikwa chini, kwa herufi ndogo."

"Herufi ndogo? Aliyefanya kazi nani? Yeye alikuwa mzigo! Mzigo huandikwa juu ya mbebaji?"

"Shemeji, mimi ndiye niliyesafiri."

"Na mimi ndiye niliyetembea!"

"Mwalimu," Kinyozi alimgeukia Mwenyekiti, "kwenye safari anatajwa nani, abiria au dereva?"

Hilo halikuwa swali la kumuuliza mwalimu wa udereva. Mwenyekiti alitoa kauli, Kinyozi akaipinga, mwenye bucha akadai ubao mwingine wa kwake peke yake, na wateja wakagawanyika pande mbili, wengine na abiria, wengine na dereva. Waya alikuwa amekwisha vaa viatu vyake na kujifunga kamba, amesimama chini ya Wembe, anapiga mluzi.

"Jamani, nani ananishikia?"

Mwenye bucha aliacha ugomvi palepale na kunyoosha mkono juu, kwa moyo mweupe kabisa.

"Si wewe!" walisema wote.